Magari Mawili, LUKU Moja

Nyumbani kwetu jambo haliamuliwi na mwenye jambo. Likishaingia getini, baba mkwe anachukua sehemu yake, mke wangu anachukua yake, watoto wanagawana yao, na mimi napewa taarifa wakati wa kunawa mikono. Wewe msomaji mwenye familia utanielewa, maana najua na kwako ni hivyohivyo. Ndiyo maana suala la gari la petroli na gari la umeme lilipotufikia Goba, sikupata nafasi ya kulianzisha. Nilirudi kazini nikakuta tayari lina vyama viwili, wenyeviti wawili, na uwanja wa mapambano uani, kati ya mwembe na banda la kuku.

Aliyelileta ni shemeji yangu, mdogo wake mke wangu Mama Kulwa, ambaye tunamwita Shemeji Chaji. Jina hilo alilipata kabla hajawa na gari la aina yoyote, kwa kuwa akifika ugenini, shikamoo ikishaitikiwa tu, anauliza soketi iko wapi. Alihamishiwa Mwanza kikazi. Kutoka Dar es Salaam hadi Mwanza ni zaidi ya kilomita 1,100, na gari lake dogo la umeme, la Kijapani, la mkono wa pili, likichajiwa likajaa linakwenda kilomita 90 hivi, tena likibembelezwa. Akaliegesha chini ya mwembe wetu, akanikabidhi funguo na waya wa kuchajia, akasema, "Shem, liendeshe tu, lisikae bure. Betri haipendi kulala tupu." Akapanda basi, akaenda zake.

Basi uani pakawa na magari mawili. Letu ni la petroli, nalo la Kijapani na la mkono wa pili, na watoto wanaliita Kikohozi kwa sababu ya mlio wake wa alfajiri. La Shemeji likabatizwa Kimya siku hiyohiyo, kwa sababu liliingia getini na hakuna aliyelisikia isipokuwa mbwa wa jirani.

Chama cha Petroli kinaongozwa na baba mkwe, Mzee Kabureta. Ujana wake aliumalizia kwenye malori, njia ya Tunduma na Zambia, na mpaka leo gari likipita barabarani anakutajia ugonjwa wake bila kuinua macho kwenye bao. Chama cha Umeme mwenyekiti wake ni binti yangu Kulwa, ambaye tunamwita Mkaguzi, kwa sababu ana daftari la mistari ambalo ndani yake yameandikwa matumizi ya kila mtu wa nyumba hii, pamoja na chenji ya dukani ambayo Doto hajairudisha. Doto, pacha wake, ni Bwana Klipu. Yeye hana chama cha kudumu; anahamia upande wa klipu ya mwisho aliyoitazama kwenye simu ya mama yake.

Juu ya vyama vyote yuko Mama Kulwa, na silaha yake ni friza. Nataka uikumbuke hiyo friza. Ndani yake kuna barafu za ubuyu na ukwaju anazowauzia watoto wa mtaa mzima, kuna samaki wa wiki, na kuna vifurushi ambavyo hata mimi sijaruhusiwa kuvifungua. Ada ya shule ya muhula uliopita sehemu yake ilitoka kwenye friza hiyo. Nyumbani kwetu tunaweza kugombana kuhusu gari, lakini hakuna anayeigusa friza.

Mkaguzi aliianza kazi kwa kuniomba risiti za sheli. Sina, na sidhani kama unazo wewe. Watu wengi tunajaza mafuta ya elfu kumi leo, ya elfu ishirini keshokutwa, na hesabu nzima hatuioni imekaa mahali pamoja. Petroli inatuponyoka hapo. Haikuombi laki tatu kwa mkupuo. Inaomba kidogokidogo, na kila mara unaona umetoa kidogo. Mzee Kabureta, ambaye kila Jumatano ya kwanza ya mwezi hutegea redio asikie bei kikomo za mafuta zinazotangazwa na EWURA, alimsaidia mjukuu wake kwa uaminifu ingawa ni mpinzani wake. Wakakubaliana waandike shilingi 3,000 kwa lita, ili hesabu iwe nyepesi. Wakakubaliana pia kwamba kwa foleni za Barabara ya Morogoro, Kikohozi kinakwenda kilomita kumi kwa lita. Kilomita 100, lita kumi, shilingi 30,000.

Akaja kwenye Kimya. Uniti moja ya umeme, ukihesabu na ule unaopotea njiani wakati wa kuchaji, inalipeleka kama kilomita sita. Kilomita 100 ni uniti 17. Sisi tuko kwenye bei ya kawaida ya majumbani, ambayo pamoja na kodi na tozo zake inafika kama shilingi 356 kwa uniti. Jumla haizidi sana shilingi 6,000. Mkaguzi akapigia mstari mara mbili: 30,000 kwa 6,000. Kwa anayetembea kilomita 1,000 kwa mwezi ni laki tatu kwa elfu sitini.

Hapa niseme jambo ambalo jirani yetu alilileta, kwa sababu linawahusu wengi. Yeye yuko kwenye ile bei nafuu ya nyumba zinazotumia uniti zisizozidi 75 kwa mwezi, ambapo uniti moja ni kama shilingi 122 pamoja na tozo. Akataka kupiga hesabu ya gari kwa bei hiyo. Mkaguzi alimkatalia kwa adabu: "Baba mdogo, shikamoo. Uniti 75 ni kilomita 450 tu, na hapo hujapika wala hujawasha taa." Gari likianza kuchajiwa nyumbani, bei ile nafuu unaiaga, na nyumba nzima inapanda nayo. Kwa hiyo bei ya umeme wa gari lake si ya gari peke yake. Ndani yake kuna ongezeko la taa, la feni na la friji.

Mzee Kabureta aliisikiliza hesabu yote akiwa ameshika kete mkononi. Ilipoisha akasema, "Mjukuu wangu, umehesabu majani, hujahesabu ng'ombe."

Ng'ombe mwenyewe ni betri. Na hapa mzee alikuwa na haki kabisa. Nissan Leaf, ambalo ndilo aina ya Kimya, gari la umeme lililoanza kuuzwa Desemba 2010 na ambalo sasa linaonekana kwenye minada mingi ya magari yaliyotumika, betri yake haina mfumo wa kuipoza kwa maji. Joto linaichosha. Mwaka 2012 wenye magari hayo huko Arizona, Marekani, kwenye joto la jangwa, walilalamika kwamba uwezo wa betri unashuka haraka. Dar es Salaam si jangwa, lakini unaijua Januari yetu. Kwenye dashibodi ya gari hilo kuna vipimo kumi na viwili vya afya ya betri, na kimoja kikizimika ujue limeshapoteza kama asilimia 15 ya uwezo wake. Ukiona gari la umeme la zamani linauzwa kwa bei inayokushangaza, tazama hapo kabla hujatazama rangi.

Mkaguzi hakukata tamaa. Alirudi na takwimu za BloombergNEF kwamba wastani wa bei ya betri za lithiamu, za magari na za matumizi mengine, mwaka 2024 ulikuwa dola 115 kwa kila kilowati-saa moja, wakati mwaka 2010 ulikuwa zaidi ya dola 1,000. Mzee akauliza hiyo ni bei ya wapi. Ya kiwandani, akajibiwa. "Basi niletee ya Kariakoo," akasema, akarudi kwenye bao. Kwa kweli kati ya kiwanda na uani kwetu kuna meli, kuna bandari, kuna kodi, na kuna fundi. Betri nzima inaweza kugharimu kuliko gari zee linaloibeba.

Mkaguzi akajibu kwa hoja nzuri ambayo bado naiheshimu: zile laki mbili na elfu arobaini zinazookolewa kila mwezi ziwekwe kwenye kibubu cha betri. Kwa mwaka ni shilingi 2,880,000. Mama Kulwa, aliyekuwa anafunga barafu kwenye vifuko, akauliza bila kugeuka, "Kibubu hicho atakishika nani?" Pakawa kimya uani. Mkaguzi alinitazama mimi, Doto akamtazama babu yake, babu akatazama kete zake.

Swali hilo ndilo lenye uzito kuliko yote niliyosikia kuhusu gharama za magari haya. Akiba ya gari la umeme ni ya kweli, lakini haiji ikiwa imefungwa kwenye bahasha. Inaonekana tu kwa pesa ambayo hukuitoa sheli, na pesa ambayo hukuitoa inaitwa haraka na mambo mengine: harusi, michango, viatu vya shule. Nyumba isiyokuwa na mtu wa kuishika akiba hiyo, miaka ikipita itakuwa na betri iliyochoka na kibubu kitupu. Kwetu mtu huyo yupo, na nyote mmeshamjua.

Kwa upande wa gereji, Kimya lina raha yake. Halina oili ya injini ya kubadilisha, halina plagi, halina pampu ya mafuta, halina eksozi ya kutoboka. Breki zake hudumu, kwa sababu ukiachia mguu mota yenyewe hulipunguza mwendo na kuirudishia betri umeme. Tairi ndizo zinazoumia kidogo kwa sababu ya uzito wa betri. Kikohozi kinavyo vyote hivyo, lakini ugonjwa wake unatibika kila kona ya mji. Ukiharibikiwa Kimara, mafundi watatu wanakuja kabla hujafungua boneti. Kimya ukilifungua utakuta nyaya za rangi ya machungwa, na ndani yake kuna volti mia tatu na zaidi. Hizo si za kuguswa na fundi wa chini ya mti, hata awe hodari vipi kwa injini. Mafundi waliosomea kazi hiyo wapo, ila bado ni wachache, na uchache huo nao ni gharama.

Sasa tufike kwenye usiku wa LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla.

Doto ndiye aliyekuwa msimamizi wa kuchaji, cheo alichojipa mwenyewe. Siku hiyo alivuta ekstensheni kutoka soketi ya sebuleni, akaipitisha dirishani, na urefu uliozidi akauacha umeviringana chini ya kochi ili Shangazi asijikwae. Maana Shangazi naye alikuwepo. Ni dada yangu wa Tanga, tunamwita Shangazi Tahadhari, na alikuwa amekuja kututembelea kwa muda ambao hakuutaja. Tukala, tukalala. Gari la umeme kwenye soketi ya kawaida huvuta kama kilowati mbili na kitu, saa baada ya saa, bila kupumzika. Kwenye LUKU zilikuwa zimebaki uniti chache ambazo kwa kawaida zingetufikisha keshokutwa.

Saa saba usiku feni zikasimama. Unajua jinsi nyumba inavyoamka feni ikisimama: hakuna aliyeamshwa, na wote wako macho. Shangazi akasoma dua kwa sauti. Mama Kulwa hakuuliza kuna nini; alikwenda moja kwa moja jikoni. Mtandao wa malipo ulikuwa unasumbua, tokeni haikuja, na joto la Dar halikumsubiri mtu. Kulipopambazuka, maji mekundu ya ubuyu yalikuwa yametoka chini ya friza, yamevuka sakafu ya jikoni, na yalikuwa yanaelekea mlangoni. Mzee Kabureta alisimama juu yake na tochi yake, akasema maneno ambayo Chama cha Umeme hakijapata jibu lake mpaka leo: "Kikohozi hakijawahi kuyeyusha barafu ya mtu."

Lakini tochi hiyohiyo ndiyo iliyotuonyesha kitu kikubwa kuliko barafu. Alipoimulika soketi ya sebuleni, pembeni palikuwa pamebadilika rangi, pamekuwa kahawia, na plagi ilikuwa na harufu ya plastiki iliyoungua. Ekstensheni ilikuwa bado imeviringana chini ya kochi. Mama Kulwa aliiinua, akaipapasa, akamtazama mwanawe, halafu akatazama chumba ambacho watoto hulala, kilicho upande wa pili wa ukuta ule. Hakusema neno kuhusu ubuyu tena.

Fundi umeme alikuja asubuhi hiyo. Alifungua soketi, akatuita tuone. Alitueleza kwa subira kwamba pasi huvuta umeme mwingi kwa dakika chache, birika vivyo hivyo, ila gari huvuta usiku kucha, na waya wa soketi zetu haukuvutwa kwa kazi hiyo. Ekstensheni iliyoviringana haina pa kutolea joto lake. Kisha akatuambia jambo lililomkalisha Mama Kulwa kitini: nyumba nzima haikuwa na waya wa ethi uliofika ardhini sawasawa. Tumekaa humo miaka yote, tukipiga pasi, tukiosha friza, watoto wakigusa swichi kwa mikono iliyolowa. Kimya halikutuletea hatari hiyo. Lilituonyesha tu kwamba tulikuwa tunaishi nayo. Dawa yake ni laini ya peke yake kutoka meni swichi, waya mnene, breka yake, kifaa cha kukata umeme unapovuja, na ethi iliyopimwa. Hiyo nayo ni pesa, na mtu akikuuzia gari la umeme bila kukutajia gharama hiyo, hajamaliza kukutajia bei.

Shangazi Tahadhari alipopata mtandao alileta klipu. Gari la umeme linaungua mahali fulani ughaibuni, moshi mweupe, watu wanakimbia. Aliituma kwenye kundi la ukoo, ikatufikia wote tukiwa tumekaa naye chumba kimoja. Doto akahamia Chama cha Petroli papo hapo. Mkaguzi akafungua daftari. Nchini Uswidi, akasema, wakala wa serikali wa majanga, MSB, ulihesabu mwaka 2022 magari 23 ya umeme yaliyoungua, katika magari ya umeme na haibridi yapatayo 611,000. Ya petroli na dizeli yaliyoungua mwaka huo yalikuwa kama 3,400, katika magari milioni 4.4. Hesabu hiyo inalipendelea gari la umeme kwa mbali sana. Lakini Mkaguzi ni mwaminifu, akaongeza upande wa pili: moto wa betri ukishaanza ni mkaidi, seli moja huwasha nyingine, huhitaji maji mengi mno, na unaweza kuzimika kisha ukawaka tena baada ya saa nyingi. Kwa hiyo gari la umeme huwaka mara chache, na likiwaka usithubutu kulizima kwa ndoo.

Mzee Kabureta aliweka kete chini. Akatukumbusha Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipopinduka na watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ukalipuka, na waliokufa walizidi 100. Njia ile aliipita nusu ya maisha yake. "Petroli tumeizoea," akasema, "na tuliyoizoea hatuiogopi." Hakuna aliyemjibu, na hata Shangazi aliweka simu yake chini.

Basi Mkaguzi, ambaye maneno ya babu yake huyachukulia kuwa maagizo, akaenda stoo. Akarudi ameshika dumu la lita ishirini, nusu limejaa. Lilikuwa la mzee mwenyewe, ameliweka tangu mgao wa umeme wa mwishoni mwa 2023 kwa ajili ya jenereta ya jirani, na lilikuwa hatua mbili kutoka kwenye jiko la mkaa. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa chini sakafuni, na hauhitaji kufika mbali kukutana na kaa la moto. Mama Kulwa alisimama mbele ya baba yake, mikono nyuma, sauti ya chini kabisa. "Baba, kwa heshima zote. Hili halilali humu." Halikulala. Siku hiyohiyo vyama vyote viwili vilikuwa vimekutwa na moto wao chini ya paa letu, mmoja kwenye soketi na mwingine kwenye dumu, na magari yenyewe yalikuwa nje, hayana habari.

Tukaendelea na uchunguzi, kwa sababu Mama Kulwa akishafungua faili halifungi katikati. Alimkataza baba yake kupasha Kikohozi injini chini ya dirisha la chumba cha wageni, kwa kuwa moshi wa petroli una hewa ya sumu isiyo na harufu, na Shangazi alikuwa ameanza kulalamika kichwa kila asubuhi. Akalishughulikia Kimya vilevile. Likirudi nyuma halisikiki, na siku moja jogoo wa mwembeni aliponea chupuchupu. Ulaya waliliona hilo: kuanzia Julai 2019, aina mpya za magari ya umeme zilitakiwa kutoa sauti zikiwa kwenye mwendo mdogo. La Shemeji ni la zamani, halisemi kitu. Kwa hiyo Doto alipewa kazi ya kutangulia kila Kimya linapotoka, akipiga makofi na kuita "gari, gari," mpaka lifike barabarani. Aliifanya kwa moyo wote, na sasa watoto wa mtaa wanamfuata.

Kuhusu mvua za masika, mzee na mjukuu walikaa jioni nzima. Injini ya petroli huvuta hewa, na ikikutana na mafuriko ya bonde la Jangwani huvuta maji, ikaishia hapo. Gari la umeme halivuti hewa na betri yake imefungwa isiingize maji. Lakini maji ya chumvi ni adui yake: baada ya kimbunga Ian kupiga Florida mwaka 2022, magari ya umeme yaliyolowa maji ya bahari yalishika moto siku kadhaa baadaye. Sisi ni watu wa pwani. Uamuzi uliotoka ni kwamba maji yakijaa barabarani, gari la aina yoyote linabaki nyumbani, na mwenye haraka atembee.

Kisha nikataja ajali, maana barabarani ndiko hatari yenyewe iliko. Nilisema kwamba Leaf ndilo gari la kwanza la umeme kupata nyota tano za Euro NCAP, mwaka 2011, na kwamba betri iliyo chini ya sakafu hulituliza gari kwenye kona. Mama Kulwa akaniuliza nyota hizo ni za abiria wa kiti gani. Akanishika mkono mpaka kwenye Kikohozi, akafungua mlango wa nyuma, akainua kava la kiti la manyoya ambalo mama yangu alituletea zawadi. Vifungio vyote vya mikanda ya nyuma vilikuwa chini yake, vimefunikwa. Kimya nalo lilikuwa na kava za Shemeji, hali ileile. Makava yalitolewa jioni hiyo. Kwa maoni yangu, katika mwezi wote wa mabishano, hakuna kitu kilichowapa watoto wetu usalama zaidi ya kile.

Nisipotaja asubuhi ya betri ndogo, Mzee Kabureta hatanisamehe. Gari la umeme lina betri kubwa ya kuliendesha na betri ndogo ya kawaida, ya volti 12, ya kuliamsha. Siku ya mtihani wa watoto, betri kubwa ikiwa imejaa, ile ndogo ilikufa, na Kimya likakataa hata kuwasha taa. Mzee alileta nyaya zake za kubusti, akasogeza Kikohozi bega kwa bega, akaunganisha. Kimya likaamka. Hadithi hiyo imesimuliwa kwenye bao mpaka kituo cha bodaboda wanaijua, na kila akiisimulia Kikohozi kinazidi kuwa shujaa.

Shemeji Chaji alipopiga simu kutoka Mwanza kuuliza kama tutalinunua gari lake, simu aliipokea dada yake. Mimi nilikuwa karibu, nanawa mikono. Alimwambia betri ipimwe kwanza na fundi aliyesomea, bei ishuke kwa kila kipimo kilichozimika, na asitarajie jibu kabla laini mpya ya umeme na ethi havijakamilika, kwa sababu pesa ya gari imeenda huko. Friza imepewa LUKU yake yenyewe. Akiba ya sheli ataishika yeye, na Mkaguzi ataiandika. Kimya, au lingine la aina yake, litafanya safari za mjini, kwa sababu huko ndiko hesabu yake inakolipa. Kikohozi hakiuzwi, kwa kuwa msiba ukitokea Iringa hatuwezi kusimama Chalinze kutafuta soketi, na mzee hakubali vinginevyo. Na gari lolote, la petroli au la umeme, lisilale likiwa na kiasi kisichotosha kufika hospitali na kurudi.

Nimepima maneno hayo kila upande na sijaona pa kuyapunguza. Kama na wewe nyumbani kwako mnabishana kuhusu magari haya, muite fundi umeme kabla ya dalali, tafuta dumu stoo, inua makava ya viti, na umuulize anayeshika pesa kama yuko tayari kushika na ile isiyotoka. Mimi nitaendesha gari nitakalopangiwa, na nitaliendesha kwa moyo mkunjufu, Doto akiwa ametangulia mbele.